Disiki Isiyo na Jina: Neno juu ya Wapigaji Wasiojulikana

Kuna watu wanaosema kwamba disiki za zamani ni mchezo wa wazee na wa Wazungu wenye nafasi, na kwamba padri au frateri akishughulika nazo anapoteza wakati wake. Sisi hatuoni hivyo. Disiki ni ushuhuda. Mtu aliketi mbele ya mashini, akapiga gitare na kuimba kwa dakika tatu, akaenda zake. Sauti yake imebaki. Lakini kila shahidi huulizwa kwanza jina lake, na hapo ndipo mashaka yanapoanza. Disiki nyingi za inchi zetu hutupa sauti, lakini mtu mwenyewe hutunyima. Katika makala hii twataka kuuliza sababu ya jambo hilo, kupima kazi ya wale waliokusanya disiki hizo, na kuonyesha kwa nini jambo lenyewe latuhusu sisi pia hapa Kalemie.

1. Milango miwili ya mji wetu

Kalemie ni mji wa njia mbili. Reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli ya Kabalo ilifika ziwani kwetu mwaka 1915. Kwa hiyo mji wetu, ulioitwa Albertville mpaka mwaka 1966, ulikuwa na milango miwili: mmoja wa Katanga, mwingine wa ng'ambo ya ziwa. Mlango wa kwanza ulielekea Elisabethville na Léopoldville. Wa pili ulielekea Dar es Salaam na Nairobi. Na muziki hupita penye njia, kama vile chumvi na vitambaa.

Ndiyo maana mpenda disiki wa hapa ana kazi kubwa kuliko mwenzake wa Kinshasa. Akiokota disiki ya Kiswahili, ambayo ndugu zetu wa ng'ambo huiita santuri, hawezi kusema mara moja imetoka wapi. Yaweza kuwa ya Likasi, yaweza kuwa ya Nairobi. Sharti asikilize Kiswahili chenyewe. Mwimbaji wa Katanga husema «batu» mahali pa «watu», na «njo» mahali pa «ndiyo». Neno dogo kama hilo laweza kumwambia msikilizaji mambo mengi kuliko karatasi iliyobandikwa katikati ya disiki.

Tena karatasi hiyo yataka kusomwa kwa akili. Miji yetu imebadili majina. Kijana akiona «Jadotville» atadhani ni mahali fulani kule Ubelgiji, kumbe ni Likasi. Elisabethville ni Lubumbashi, Léopoldville ni Kinshasa. Disiki zenyewe, zile zilizozunguka mara 78 kwa dakika moja, zilikuwa ngumu lakini zikivunjika upesi kama sahani ya udongo, na sindano ya chuma ilizikwaruza kila zilipopigwa. Kila upande ulichukua dakika tatu hivi. Basi, disiki iliyopendwa sana ndiyo iliyoharibika kwanza, na ile isiyopendwa ndiyo iliyobaki nzima sandukuni. Mkusanyaji asisahau jambo hili: yaliyobaki siyo lazima yawe yaliyo bora.

2. Namba mahali pa mtu

Mfano wa kwanza wa mtu aliyepotea nyuma ya disiki yake watoka mbali, lakini matunda yake yako kwetu. Mwaka 1933 kompani ya Kiingereza His Master's Voice ilianza kuuza katika Afrika safu ya disiki zenye alama GV, kila moja na namba yake. GV 1 ilikuwa El Manisero ya orkestra ya Don Azpiazú wa Havana. Mpaka mwaka 1958 disiki zaidi ya 200 za safu hiyo zilikuwa zimetoka. Muziki wake ulikuwa hasa ule wa Cuba, na watu wa Kongo waliupokea kama mtu anayempokea ndugu aliyepotea. Hilo si ajabu: kati ya watumwa waliopelekwa Cuba walikuwamo wengi wa bonde la Kongo, na ngoma zao hazikufa baharini.

Tena tazama lililotukia. Watu waliuita muziki huo «GV». Hawakusema «tupigie wimbo wa fulani». Walisema alama na namba. Vijana wa Léopoldville, wa Elisabethville, wa Morogoro, walijifunza gitare, tarumbeta na mwendo wa ngoma kwa walimu ambao hawakuwaona kamwe, na mara nyingi majina yao hawakuweza hata kuyasoma. Kule Morogoro, Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, aliita orkestra yake Cuban Marimba, na hapo twaona deni lake limeandikwa wazi katika jina. Wengine walikuwa na deni hilohilo, ila hawakuliandika.

Sisi hatuwalaumu waliocheza kwa furaha bila kuuliza. Mtu mwenye njaa haulizi jina la mkulima. Lakini mwanafunzi akisha kuwa mwalimu, yafaa aulize. Orkestra yenye watu kumi huandikwa jina moja tu, la kiongozi. Mpiga tarumbeta ambaye sauti yake ndiyo iliyovuta moyo wa kijana wa Kongo, huyo hakuandikwa popote kwenye karatasi ile. Dunia nzima ilimsikia, na hakuna aliyemjua.

3. Neno «jazz» na hukumu isiyo ya haki

Kutoka disiki hizo zilizaliwa orkestra zetu, nazo zimeleta fumbo lingine. Mtu anayekusanya disiki za jazz hapa kwetu atakutana na African Jazz ya Joseph Kabasele, iliyoanza mwaka 1953, na OK Jazz ya mwaka 1956. Akivuka ziwa atakuta Dar es Salaam Jazz Band na Morogoro Jazz, ambazo ni za zamani kuliko hizo. Atazipiga akingoja muziki wa New Orleans, naye atasikia rumba. Hapo wasomi wengine hucheka na kusema: «Hawa hawakujua maana ya neno walilolichukua.»

Hukumu hiyo si ya haki. Neno «jazz» kwetu lilikuwa kama suti ya Jumapili. Lilimaanisha: sisi ni orkestra ya mji, tuna vyombo vipya, tuna mpango, si watu wa kubahatisha. Mtu avaaye suti hajifanyi Mfaransa. Anaonyesha kwamba siku hiyo ni ya heshima. Na jazz ya Marekani yenyewe haikuwa mgeni kabisa: mwisho wa mwaka 1960 Louis Armstrong alikuja na tarumbeta yake, akapiga Léopoldville, akapiga na Elisabethville, wakati inchi ilikuwa imekatika vipande na Katanga imejitenga. Watu wakamshangilia. Walijua tofauti ya muziki wake na ule wa Kabasele, wala tofauti hiyo haikuwasumbua.

Hapa twashika kanuni ya kwanza ya kupima muziki: kila kazi ihukumiwe kwa kile ilichokusudia kufanya. Rumba isipimwe kwa sheria ya Chicago, wala jazz ya Chicago isipimwe kwa mwendo wa rumba. Asiyeshika kanuni hii atakuwa na kabati iliyojaa disiki na masikio matupu.

4. Mwenda Jean Bosco

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashini yake ya kurekodi, alifika Jadotville. Huko alimsikia kijana mmoja akipiga gitare. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, mji wa Wayeke. Wimbo wake Masanga ulirekodiwa, ukapewa zawadi ya Osborn ya mwaka huo, ukauzwa kwa disiki za Gallotone, na ukavuka bahari. Wapiga gitare wa Ulaya na Marekani walijaribu kuuiga. Mwaka 1969 Bosco mwenyewe alialikwa kupiga Newport, Marekani. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya barabarani.

Mbona twamtaja katika makala ya watu wasiojulikana? Kwa sababu umaarufu wake ndio unaoonyesha jinsi kujulikana kulivyo jambo gumu. Kwenye disiki na vitabu utamkuta kama Mwenda Jean Bosco, kama Jean-Bosco Mwenda, kama Mwenda wa Bayeke, na mara nyingine Bosco tu. Mgeni anaweza kudhani ni watu watatu. Sisi wa hapa twatambua mara moja: Jean Bosco ni jina la ubatizo, la mtakatifu wa Wasalesiani, waliofanya kazi nyingi kule Katanga; Mwenda ni jina kubwa la Wayeke, kwa maana Msiri mwenyewe alikuwa Mwenda; «wa Bayeke» lataja taifa lake. Majina matatu ni mlango wa Kanisa, mlango wa ukoo na mlango wa inchi, na mtu ni yuleyule. Mkusanyaji wa mbali hawezi kulijua jambo hili asipoambiwa, na anayeweza kumwambia ni mtu wa hapa.

Na wimbo wenyewe, je, wastahili sifa zake? Twasema ndiyo, lakini siyo juu ya zawadi. Bosco hupiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, kama wapigaji wengi wa Katanga. Msikilizaji asiyeangalia atadhani anasikia gitare mbili. Gumba halipigi tu mwendo kama mtu anayetwanga. Lina wimbo wake. Shahada hujibu juu, na mara nyingi majibu hayo huanguka pale ambapo sikio halikuyangoja, hata mwendo wa tatu na mwendo wa mbili hupishana kama watu wawili kwenye daraja jembamba bila kugongana. Tena akirudia sehemu yake, harudii sawasawa: hubadili kidogo, mahali padogo, kama mwenye hekima anayesema neno lilelile kwa watu wengine. Mwaka 1961 na 1962 mwalimu David Rycroft aliandika muziki huo kwa nota katika gazeti la African Music, na kazi hiyo ilionyesha kwamba ufundi huo una utaratibu wenye kufikiriwa. Wapenda muziki waliomwita Bosco «mpigaji wa barabarani» wangeona haya kidogo.

5. Sifa na lawama ya wakusanyaji

Juu ya Tracey tuseme haki yote. Alianzisha mwaka 1954 chuo cha muziki wa Afrika karibu na Johannesburg, ambacho siku hizi kiko Grahamstown, iliyopewa jina la Makhanda. Safu yake The Sound of Africa ina disiki kubwa 210. Tena hakukusanya kama mtoto anayeokota makombe ya pwani: kwa kila wimbo aliandika lugha, mahali, aina ya chombo, na mara nyingi namna nyuzi zilivyotegwa. Bila yeye tungekuwa maskini sana.

Lakini lawama moja yabaki. Mapendeleo yake yalikuwa zaidi kwa muziki wa zamani wa vijijini, na huko mara nyingi kadi yake hutaja mtu mmoja, kisha husema tu: pamoja na wanaume wa kabila fulani, au wanawake wa kabila fulani. Wale wanaume walikuwa na majina. Mmoja wao ndiye aliyejua kupiga ngoma kubwa, mwingine ndiye aliyeongoza kiitikio. Ukisema «watu wa kabila fulani» umeeleza sauti, umeficha mtu. Ni kana kwamba kabila ndilo lililoimba, lenye koo moja.

Kwa wapiga gitare wa miji, mambo yalikwenda namna nyingine. Edouard Masengo alitoka katika kikundi cha JECOKE, vijana wachekeshaji wa site Kenya kule Elisabethville. Mwisho wa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, akawa na jina huko, hata akaimba kwa kutangaza Coca-Cola. Leo msikilizaji anaweza kumdhani Mkenya, tena jina la site yake lamsaidia kukosea! Karibu naye alikuwapo Losta Abelo, mpigaji mwenye mkono wake mwenyewe, ambaye wengi hawakumjua kabisa. Mwaka 1979 Mwingereza John Low, mpiga gitare yeye mwenyewe, alifunga safari mpaka Lubumbashi kuwatafuta wapigaji wa zamani ambao sauti zao alizijua kwa disiki. Aliketi nao, akajifunza vidole vyao, na mwaka 1982 kitabu chake Shaba Diary kilitolewa kule Vienna.

Twampa sifa, kwa maana alifanya lililo la haki: aliacha disiki akamwendea mtu. Lakini tujiulize pia. Ilikuwaje mtu wa Uingereza alipe nauli ya ndege kuuliza habari ambazo sisi tungeweza kuziuliza kwa nauli ya treni?

6. Somo kutoka Marekani

Wapenda jazz wa Ulaya na Marekani walikutana na fumbo letu kabla yetu. Kwenye disiki zao pia liliandikwa jina la kiongozi tu. Basi mwaka 1936 Charles Delaunay wa Paris alitoa kitabu chake Hot Discographie, ambamo aliandika kwa kila disiki nani alipiga tarumbeta, nani piano, nani ngoma, siku gani na mji gani. Kazi hiyo yaonekana kavu kama kitabu cha hesabu, lakini ndiyo iliyomtoa mpiga ngoma kutoka gizani.

Tena walipata somo la pili, lililo kali zaidi. Walipotafuta wazee wa New Orleans, walimwona Bunk Johnson, mpiga tarumbeta aliyekuwa akiishi kwa kazi za mikono, hana chombo, hana meno. Wakamtengenezea meno, wakampa tarumbeta, na mwaka 1942 akaanza kurekodi. Aliwaeleza mambo mengi ya zamani, na alisema kwamba alipiga pamoja na Buddy Bolden, yule ambaye hakuacha disiki hata moja inayojulikana. Wakusanyaji walifurahi mno, wakaandika yote. Baadaye watafiti walipopima maneno yake waliona kwamba umri aliojipa na habari nyingine hazikuweza kuaminiwa bila mashaka.

Hapa ndipo kanuni ya pili: mzee aheshimiwe, na maneno yake yapimwe. Mambo haya mawili hayapingani. Kila padri aliyewahi kusikiliza mashauri ya ndoa ajua kwamba shahidi mwema anaweza kukosea tarehe, na shahidi mwenye maneno matamu anaweza kujiongezea sehemu katika hadithi. Huulizwa shahidi wa pili. Ndivyo ilivyo juu ya muziki.

7. Pingamizi moja

Wengine watatujibu: «Ninyi mnaleta desturi ya Wazungu. Nyimbo za wazee wetu hazikuwa na mwenyewe. Wimbo ulikuwa wa kijiji. Jina la nini?»

Pingamizi hili lina uzito, na tusilipuuze. Ni kweli kwamba wimbo wa kilio, wa arusi, wa kupiga kasia ziwani, ulikuwa wa wote. Lakini tutazame vizuri. Kijijini hakuna aliyeandika jina la mwimbaji kwa sababu hakuna aliyekosa kulijua. Kila mtu alijua kwamba mama fulani ndiye anayeanzisha, na kwamba akiwa mgonjwa wimbo hauna nguvu. Waliposikia ngoma usiku kutoka kijiji cha pili, walitaja aliyekuwa akiipiga kwa kusikia mkono wake tu. Basi wimbo ulikuwa wa wote, lakini mpigaji hakuwa mtu asiye na jina hata kidogo.

Disiki ndiyo iliyokata kamba hiyo. Sauti ilikwenda mbali kuliko sifa ya mwenye sauti. Ilifika mahali ambapo hakuna aliyejua mkono wa fulani. Kwa hiyo kuandika jina si kuleta desturi ngeni. Ni kutunza ile ya zamani katika hali mpya. Sauti ikisafiri, jina lisafiri nayo. Asemaye kwamba Mwafrika hahitaji jina katika kazi yake, huyo ndiye aliyepokea wazo la mgeni bila kujua.

8. Nyumbani kwetu wenyewe

Tusidhani kwamba kosa hili ni la kompani za disiki peke yake. Kuna disiki moja iliyotoka katika nyumba yetu, na wasomaji wote waijua: Missa Luba. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya kule Kamina wavulana wa shule na walimu wao, wakaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 waliimba misa hiyo kwa Kilatini, kwa sauti na mwendo wa nyimbo za inchi, wakaipeleka Ulaya wakati wa maonyesho makubwa ya Brussels, na disiki ya Philips ikaienea dunia. Sanctus yake ilitumiwa hata katika sinema ya Kiingereza If...., ya mwaka 1968.

Kama muziki, twaiona ni kazi nzuri kweli. Uzuri wake ni kwamba haikupamba Kilatini kwa ngoma kama mtu anayeweka maua juu ya meza iliyokwisha kutengenezwa. Maneno ya misa yaliwekwa katika namna za kuimba ambazo waimbaji walikwisha kuzijua tangu utoto, nao waliziongezea wenyewe wakiimba, maana mwanzoni hapakuwa na karatasi ya nota. Kwa hiyo waimbaji hawakuwa watekelezaji tu. Walikuwa watungaji pamoja.

Na hapo ndipo swali letu lachoma. Dunia yasema «Missa Luba ya Padri Haazen». Wachache watamtaja Joachim Ngoi, mwalimu wa Kamina, ambaye sauti yake peke yake ndiyo inayoongoza. Na wale wavulana zaidi ya arobaini, je? Waliitwa «kwaya». Padri Haazen alistahili sifa yake: aliona, alikusanya, alihimiza. Lakini kazi ya wengi imekaa chini ya jina moja, na hilo limetokea ndani ya Kanisa, mahali ambapo hatuwezi kudai kwamba hatujui kuandika majina. Tazameni kitabu cha ubatizo katika parokia yoyote: jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, siku, mahali, padri. Hakuna mtoto, hata wa maskini wa mwisho, anayebatizwa bila kuandikwa. Mkono uleule unaojua kuandika kitabu hicho, kwa nini unachoka unapofika kwenye kwaya?

9. Lifanyike nini

Kwanza, tuonyane juu ya tamaa. Wako wakusanyaji wanaopenda disiki kwa sababu ni adimu tu. Wakisikia kwamba imebaki moja duniani, hutetemeka. Wakisikia kwamba zimebaki mia, hukunja uso, hata kama wimbo ni uleule. Huo ni upenzi wa mwenye duka. Wimbo hafifu wa mtu asiyejulikana ni wimbo hafifu. Tusiseme kwamba ni mzuri kwa kuwa tumemwonea huruma. Mpigaji asiyejulikana anatudai mambo mawili tu: tumsikilize kwa haki, na tumtafutie jina lake.

Pili, disiki yoyote ikionekana katika nyumba ya Mkristo au katika ghala la parokia, isitupwe na isiuzwe kabla ya kuandikwa. Yaandikwe yote yaliyo kwenye karatasi yake kama yalivyo, pamoja na makosa yake. Na namba ndogo iliyochorwa karibu na katikati iandikwe pia, kwani mara nyingi ndiyo inayofunua mpango wa kurekodi. Kisha aulizwe mwenye nyumba: ilinunuliwa wapi, nani aliipenda, watu walisema nini juu ya mpigaji. Majibu yaandikwe mbali, yasichanganywe na maandishi ya disiki. Yaliyosomwa ni jambo moja, yaliyosikiwa ni jambo lingine.

Tatu, tuangalie na ya leo. Disiki ya mizunguko 78 imekwisha, lakini kosa lake halijakwisha. Sokoni vijana hununua nyimbo zilizonakiliwa kwa simu, mamia pamoja, na nyingi hazina jina, au zina jina la aliyezinakili. Kwaya zetu zenyewe hurekodiwa Jumapili kwa simu, na jioni wimbo umekwisha kufika Moba, Manono na Lubumbashi. Aliyeutunga hatajwi. Baada ya miaka hamsini mtu atausikia na kuuliza kama tunavyouliza sisi, na hatakuwa hata na karatasi ya katikati ya kumpa mwanzo.

Basi, kazi hii si kubwa wala haina gharama. Mafrateri wakienda likizo, wawe na daftari. Wakatekista, ambao wawajua wazee wa kila mtaa kuliko sisi mapadri, waulize nani alikuwa akipiga gitare katika site wakati wa Albertville, alipiga na nani, alijifunzia wapi. Na waulize watu wawili, siyo mmoja. Kiongozi wa kwaya, kabla simu haijawashwa, ataje wazi jina la mtungaji, la mwanzishaji na la wapiga ngoma, na parokia, na mwaka. Ni nusu dakika tu. Kisha waimbe.